Mti Usiojulikana wa Bustani ya Ibra

Ndugu zangu wa ukoo, mlio Maskati na Sur, Wete na Chake Chake, Mombasa, Dubai, London na kwingineko,

Katika makala zilizotangulia nimewaandikia habari za mababu waliosafiri: nani aliondoka, alipanda chombo gani, alishukia bandari gani, alioa wapi. Leo naomba mniwie radhi, kwani nitaandika habari za mti. Atakayesoma hadi mwisho ataona kwamba sikutoka nje ya taarikh ya ukoo wetu. Pengine nimeingia katika chumba chake kimojawapo ambacho mlango wake ulikuwa umefungwa miaka mingi.

Mnajua kwamba baada ya kustaafu ukarani nilioushika kwa miaka 37 mjini Maskati, niliinunua kutoka kwa warithi wenzangu nyumba ya kale iliyoko Sufala ya Ibra, pale alipotoka Babu. Nyumba ilikuwa imeanguka upande mmoja, nikaijenga upya polepole. Bustani iliyo nyuma yake sikuwahi kuikaa wala kuijua. Nilikuta minazi? La, nacheka mwenyewe. Mkono wa mtu wa Pemba huandika minazi kabla ya akili kuuzuia. Nilikuta mitende kumi na mmoja, mindimu miwili, mkomamanga mmoja mkongwe, na kwenye pembe ya ukuta, pale maji ya falaj yanapoingia, mti mmoja ambao hakuna aliyeweza kuniambia jina lake.

Ulikuwa mti mfupi wa kichaka, umenipita kimo kwa dhiraa moja hivi, wenye matawi mengi yaliyoshikana tangu chini. Majani yake madogo yalikuwa mabichi ya kung'aa. Mwezi wa Julai, vumbi la Sharqiyah linapofanya kila kitu kuwa na rangi ya udongo, wenyewe ulibaki vilevile. Majira ya baridi mkomamanga ulipukutisha majani yote, wenyewe haukupukutisha. Fundi aliyejenga ukuta alisema ni mti wa porini tu. Jirani alisema aliukuta tangu utotoni na hakuuliza. Nami nikauacha, kwa vile haukunidai chochote ila maji kidogo.

Swali la daktari

Mwezi wa Novemba 2022, mjukuu wangu mwenye umri wa miaka minne alionekana amekaa chini ya mti ule, midomo yake imekuwa ya zambarau. Mkononi alikuwa na matunda madogo, meusi yenye wekundu wa buluu, kila moja kama punje ya njegere. Alikuwa ameyala, mangapi hatukujua.

Tulimsafisha kinywa, tukambeba hadi kituo cha afya. Daktari alimpima mapigo ya moyo, akamtazama macho, kisha akauliza swali jepesi kuliko yote: "Ni mti gani?" Pale tulikuwa watu wazima watatu, wenye nyumba na bustani, na hakuna aliyekuwa na jibu. Nimeandika majina ya watu katika madaftari ya serikali kwa miaka 37, nami sikuweza kutaja jina la mti uliosimama hatua ishirini kutoka dirisha langu. Mtoto alitazamwa kwa saa kadhaa, na alhamdulillahi hakupatwa na lolote. Lakini jioni ile mwanangu aliniambia kwa adabu, na kwa uthabiti, "Baba, kesho namwita mtu aukate."

Hofu yake ilikuwa na msingi. Katika mabonde ya Oman huota mti wa haban, nao hubaki kijani mwaka mzima ukingoni mwa maji, una maua mazuri ya waridi, na ni sumu kali. Wafugaji wanaufahamu vyema. Mtu anayeona kichaka kibichi kando ya maji, asichokijua, ana haki ya kuogopa. Nilimwomba mwanangu siku saba. Nilimwambia kwamba hukumu haitolewi kabla ya mshitakiwa kutajwa jina. Alikubali, kwa sharti kwamba mtoto asikanyage bustani mpaka siku hizo ziishe.

Uchunguzi wa karani

Karani hana elimu ya mimea, ila ana mazoea ya kulinganisha. Nilichukua daftari, nikakata kijitawi kimoja, nikaanza kuandika nilichokiona, si nilichokidhani.

La kwanza, majani. Yalikaa mawili mawili yakitazamana katika kijiti, kila jani na mwenzake. Yalikuwa na urefu wa sentimita tatu au nne, yamechongoka nchani, kingo zake laini bila meno. Hapo nikaiondoa haban, ambayo majani yake ni marefu na membamba kama upanga, na kwa kawaida hukaa matatu matatu. Tena matunda ya haban si ya mviringo. Ni kama maganda marefu yanayopasuka.

La pili, miiba. Hakukuwa na hata mmoja. Mhina nao huota majani madogo yanayotazamana, nami niliushuku kwa siku nzima. Lakini mhina mkongwe huwa na miiba, na kitunda chake ni kikavu, kimejaa mbegu kama vumbi. Nikasaga majani machache kwa maji nikayapaka kwenye kiganja. Asubuhi kiganja kilikuwa kama nilivyozaliwa nacho. Haukuwa mhina.

La tatu, harufu. Nilipolifikicha jani lilitoa harufu kali, safi, yenye ubaridi, kati ya karatusi na kitu kingine ambacho pua iliijua na ulimi ukashindwa kukitaja. Nakiri kwamba nilikaa nikilinusa jani lile kwa muda mrefu kuliko uchunguzi ulivyohitaji.

La nne, nilinyanyua jani mbele ya jua. Ndani yake nikaona vitone vidogo vingi vinavyopitisha mwanga, kama jani limetobolewa kwa ncha ya sindano. Vitone hivyo ni vifuko vya mafuta yenye harufu. Jani la mndimu linavyo pia, na yeyote kati yenu anaweza kulitazama leo. Lakini majani ya mndimu hayakai kwa jozi. Hupishana kijitini, na mti wake una miiba.

La tano ndilo lililonishika. Kila tunda lilikuwa na taji dogo nchani, mabaki ya kikombe cha ua, lenye vipembe vitano. Nilizaliwa Wete mwaka 1957. Nimekaa juu ya jamvi utotoni pamoja na kina mama, tukichambua karafuu, kutenga karafuu na makonyo yake, mpaka vidole vikawa vyeusi. Kila punje ya karafuu ina taji nchani, lenye vipembe vinne na kichwa cha mviringo katikati, kwa kuwa karafuu ni ua lililochumwa kabla halijafunguka. Na kila mtoto wa Pemba aliyepanda mpera anajua kwamba pera nalo lina taji kwenye kitako chake. Nikaandika katika daftari: "Tunda lina taji kama la pera na karafuu." Nikapiga mstari chini yake, bila kujua bado nimeandika nini.

Soko la Jumatano

Ibra ina soko la wanawake kila Jumatano, nalo ni mashuhuri Oman nzima. Wauzaji ni wanawake na wanunuzi ni wanawake; mwanamume mwenye heshima zake husubiri nje. Mke wangu aliingia na kijitawi changu amekifunga katika leso yenye maji. Mimi nilibaki garini, nikihesabu dakika.

Alivyonisimulia, muuzaji wa kwanza hakuujua. Wa pili alisema ni mhina wa kiume, jambo ambalo sidhani lipo. Wa tatu alikuwa bibi mzee aliyekuwa akiuza manukato, mahalabi na dawa za nywele. Hakuuliza kitu. Alilifikicha jani, akalinusa, akalichomeka chini ya shela yake karibu na sikio, kisha akasema, "Huu ni yas. Umeutoa wapi? Yas si mti wa huku kwetu, ni mti wa jabali."

Kisha akafungua mfuko, akamwonyesha unga wa kijani kibichi uliofifia. Majani ya yas hukaushwa kivulini, husagwa, huchanganywa na mahalabi na vikolezo vingine, hupakwa nywele za bibi harusi na za mwanamke aliyetoka kujifungua. Matunda? Mzee akacheka. Watoto wa jabali huyala, alisema, wala hayana neno.

Mke wangu aliporudi garini na kunitajia jina lile, sikumjibu. Harufu iliyokuwa imekwama puani mwangu tangu siku ya kwanza ilipata mlango wake. Nilimwona Bibi yangu, Wete, amekaa juu ya mkeka, mbele yake jiwe la kusagia, anasaga majani makavu aliyoyatoa katika kasha. Nilimsikia akiita kwa sauti yake: "Usiguse, hiyo yasi ya Manga."

Nasaba ya mti

Siku iliyofuata nilikwenda Nizwa kuthibitisha. Katika soko lililo chini ya ngome nililinganisha majani yangu makavu na yale yaliyouzwa kwa jina la yas, yakawa yamefanana kwa sura, kwa vitone na kwa harufu. Kisha nikapanda Jabal al-Akhdar kwa njia ya Birkat al-Mawz, ambako gari lisilo na nguvu ya magurudumu manne haliruhusiwi kupita. Huko juu, kwenye nyanda za Sayq na vijiji vya al-Aqr na ash-Shurayjah, karibu mita 2,000 juu ya bahari, wanaotembelea wanakwenda kuona mawaridi ya mwezi wa Aprili na makomamanga. Mimi niliuona mti wangu. Ulikuwa kando ya ngazi za mashamba, palepale maji yanapopita.

Kwa Kiarabu cha vitabu mti huu ni *as*. Ibn Sina ameutaja katika Qanun, na Ibn al-Baytar katika kitabu chake cha dawa. Watu wa Oman husema *yas*. Katika nchi za Sham na Maghribi wengine huuita *rihan*, na hapo msomaji wa Kiswahili ajihadhari, maana mrehani wetu wa pwani ni mti mwingine kabisa. Majina husafiri, kisha hushuka bandari ngeni na kuvaa nguo nyingine. Wataalamu wa mimea wameuita Myrtus communis. Asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati hadi Iran.

Mnisamehe nikieleza jambo moja zaidi, kwani sisi ni watu wa nasaba. Wataalamu huigawa mimea katika jamaa, kama tunavyojigawa katika makabila. Jamaa ya mti huu imepewa jina lake wenyewe, Myrtaceae, kana kwamba yas ndiye sheikh na wengine ni watu wake. Miongoni mwa watu wake ni mpera, mzambarau na mkaratusi. Na miongoni mwao ni mkarafuu. Ule mstari niliopiga daftarini ulikuwa mstari wa nasaba: vitone katika jani, harufu, taji juu ya tunda. Mti uliotajirisha na kuwatesa watu wa Unguja na Pemba, na kichaka cha pembeni mwa ukuta wangu Ibra, ni jamaa moja.

Mkarafuu haukuwa mwenyeji wa visiwa vyetu. Kwao ni visiwa vya Maluku. Wafaransa waliutoa huko karne ya 18 wakaupeleka Morisi, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja. Masimulizi mengi humtaja Saleh bin Haramil al-Abri kuwa ndiye aliyeuleta, na kabila la al-Abri linajulikana hapa Dakhiliyah, kwao al-Hamra, chini ya milima hiyohiyo ya yas. Sayyid Said bin Sultan akaamrisha upandwe kwa wingi. Tufani ya mwaka 1872 iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa. Haifai kuandika habari hizi bila kuwataja waliochimba mashimo na kupanda miche: wengi wao walikuwa watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria Unguja na Pemba hadi 1897. Babu yetu alifika baada ya hapo, akanunua shamba dogo kwa jasho la duka lake, lakini mikarafuu aliyoikuta ilikuwa imepandwa na mikono hiyo. Ukoo unaohesabu mababu zake kwa fahari uyahesabu na haya.

Bibi wa Ibra

Sasa nilikuwa na jina la mti, ila muuzaji wa soko aliniachia swali. Ikiwa yas ni mti wa jabali, nani aliupanda Ibra? Mti wa namna hii hauji wenyewe kutoka mita 2,000 hadi chini kwenye joto letu, ukachagua pembe yenye kivuli cha mitende na maji ya falaj. Uliletwa na mtu, na mtu huyo alijua unataka nini.

Mtu mmoja tu aliyebaki duniani angeweza kunijibu, naye ni shangazi yangu wa Sur, aliyepita miaka tisini. Wengi wenu hamumjui. Alizaliwa katika nyumba ile ya Ibra. Babu alipoondoka mwaka 1934, miaka ya ukame na bei duni ya tende, alimwacha ananyonya. Mama yake, mke wa kwanza wa Babu, hakwenda Pemba. Katika shajara ya ukoo niliyowaandikia miaka ya nyuma, bibi huyo ana mstari mmoja tu: "Mke wa kwanza, alibaki Oman." Mstari huo niliuandika mimi kwa mkono wangu.

Nilishika njia ya Bidiyah na al-Kamil, njia ambayo Babu aliipita kwa ngamia kwa siku kadhaa, nami nikafika Sur kabla ya adhuhuri. Shangazi hajui Kiswahili. Nilimbusu kichwa na mkono, nikamkabidhi kijitawi bila kusema neno. Alikipeleka puani.

"Huu wa mama yangu," alisema. "Bado upo?"

Nilimwambia, "Upo, ya amma, na mwanangu alitaka kuukata."

"Mwambie mwanao aliupanda bibi yake," akasema, na maneno hayo yalinifunga mdomo kwa muda.

Kisha akasimulia, nami nikaandika. Mama yake alikuwa mtu wa Birkat al-Mawz, mguuni mwa jabali. Alipoolewa Ibra alikuja na mche wa yas umefungwa katika udongo na kitambaa, akaupanda pale maji yanapoingia ili asiusahau mlima. Kila mwaka, tende zikishavunwa na vyombo vya Sur vikijiandaa kushuka na kaskazi kwenda Sawahil, alikausha majani, akayafunga kitambaani na kumpa nahodha jamaa yake. Kila mwaka kusi ikianza kuvuma na vyombo vikirejea, ulikuja mfuko mdogo wa karafuu. Shangazi anakumbuka kuisaga karafuu hiyo pamoja na yas kwa nywele zake alipoolewa.

"Babu alikuwa akiileta karafuu?" niliuliza.

"Baba yangu hakuleta kitu tangu nilipokuwa msichana," alinijibu. "Karafuu ilitoka kwa mke wa Pemba."

Tarehe

Sikumwamini mara moja. Kumbukumbu ya mzee ni amana, lakini amana nayo huhesabiwa. Nikalifungua daftari, nikaziweka tarehe mstari kwa mstari, kama nilivyofundishwa kazini.

Babu alifariki Wete mwaka 1955. Hati yake ninayo. Mimi nimezaliwa 1957. Bibi yangu akisaga yasi ya Manga nilimwona kwa macho yangu, nikiwa na umri wa kuelewa katazo, kwa hiyo si kabla ya 1961. Mume alikuwa kaburini kwa miaka sita au zaidi. Ikiwa fungu lile lilikuwa la mume, kwa nini liliendelea kuja? Na kama lilikuwa mabaki ya zamani, majani yaliyokaa kifungoni miaka sita hayatoi harufu ya kumkaa mtoto kichwani kwa miaka sitini. Shangazi naye, bila kujua ninahesabu nini, alisema fungu lilikwenda mpaka "mwaka vyombo vilipokatika". Mwaka huo kwetu ni 1964, na yaliyotokea Januari ya mwaka ule kila nyumba inayosoma hapa inayo hesabu yake.

Lipo pingamizi moja, nami nililipima. Neno yasi limo katika kamusi za Kiswahili, nalo huelezwa kuwa unga wa manjano wa kujipaka, bidhaa ya Bara Hindi. Je, Bibi hakuwa akitumia huo tu? Alikuwa nao pia. Nakumbuka rangi yake ya manjano katika sinia la harusi pamoja na liwa, udi na vikuba. Lakini huo ulinunuliwa dukani, ukiwa umeshasagwa. Ule uliotoka kashani ulikuwa majani, rangi yake kijani kilichofifia, naye aliutenga kwa jina: yasi ya Manga. Na Manga, kwa Kiswahili cha wazee wetu, ni huku. Mtu haongezi neno la nchi juu ya kitu ila pale penye viwili vya kutofautishwa.

Basi nilichoweza kuthibitisha ni hiki. Wanawake wawili walioolewa na mwanamume mmoja, mmoja Ibra na mmoja Wete, ambao hawakuonana wala hawakujua lugha moja, na wote wawili hawakujua kuandika, waliletewa na kupelekeana zawadi kwa pepo mbili za mwaka kwa muda mrefu. Mume alipokufa hawakuacha. Walikatwa na mambo makubwa kuliko wao. Bibi wa Ibra alifariki 1969, mwaka mmoja kabla milango ya Oman haijafunguliwa na Sultan Qaboos. Bibi wa Wete alifariki 1981. Mimi nilifika hapa 1974 nikiwa kijana wa miaka 17, nikitafuta kazi na hati, na katika miaka hiyo saba iliyobaki sikumwandikia Bibi yangu hata barua moja ya kumuuliza yasi ya Manga ilitoka wapi. Sikudhani kwamba ni jambo la taarikh.

Na hili ndilo linaloniuma. Sisi tunaoandika habari za ukoo tumefuata vyombo vya baharini, hati za mashamba na majina ya wanaume, kwa sababu hayo ndiyo yaliyoandikwa. Niliporejea Oman, wapo waliotuita Wazinjibari, wakashuku kama kweli tuna mzizi huku. Miaka mingi nilitafuta katika makaratasi ushahidi wa kuwajibu. Ushahidi ulikuwa umesimama pembeni mwa ukuta, unanyweshwa na falaj, nami karibu niupoteze kwa shoka la siku moja.

Mti umebaki. Mwanangu aliposikia habari alikwenda mwenyewe kuuzungushia mawe, na mtoto amefunzwa asile tunda la mti wowote kabla ya kumuuliza mkubwa jina lake, na hilo nawausia nyote mlio na bustani mpya na watoto wadogo. Mwezi wa Juni mti ulitoa maua meupe, kila moja na petali tano na nyuzi nyingi kama vumbi la mwanga, na ua la mpera ndilo hasa linalofanana nalo. Miche mitatu imeshika katika vyungu. Mmoja nimempelekea shangazi Sur.

Shajara ya ukoo nimeirekebisha. Pale palipoandikwa "alibaki Oman" sasa pana maelezo ya ukurasa mzima, na pana jina lake, alilonitajia binti yake. Wenye nakala watalipata humo.

Nawaomba neno moja. Kila mmoja wenu aliye na mama, shangazi au bibi aliye hai amuulize kabla ya mwaka kwisha: nyumbani mlisaga nini, kilitoka wapi, na nani alikileta? Atakayekuwa amesikia yasi ya Manga kwao aniandikie. Wallahu aalam ni mafungu mangapi mengine yalivuka bahari ile, na ni vichaka vingapi vya kijani vinasubiri pembeni mwa kuta za Ibra, Sur na Nizwa kuulizwa majina yao.

Wabillahi tawfiq.